Droni Yako na Ndege wa Mida, Sabaki na Watamu

Kila mwezi wa Agosti, upepo wa kusi ukiwa bado unavuma, vitwitwi wa kwanza kutoka kaskazini huanza kutua kwenye matope ya hori la Mida. Ni ndege wadogo wa pwani, wengine hawazidi sana uzito wa yai la kuku. Wametoka kuzaa kule Siberia, na watakaa nasi mpaka mwezi wa Aprili. Wakazi wa Dabaso, Gede na Watamu wamewazoea tangu utotoni. Kilicho kipya ni ule mvumo kama wa nyuki unaosikika siku hizi juu ya mikoko, hasa wikendi jioni, maji yakiwa yamejaa na jua likielekea kuzama.

Kaunti haina ugomvi na droni. Picha zinazopigwa kutoka juu ndizo zinazowaleta wageni wengi hoteli zetu, na vijana wetu wanapata riziki kwa kupiga video za harusi na matangazo. Wengine hurusha kwa kujifurahisha tu, na hilo si kosa. Lakini ndege wa Mida nao wana kazi katika uchumi wa hapa. Ile njia ya kamba na mbao inayopita kati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege hulipiwa na wageni, na fedha hizo, kupitia mpango wa ASSETS ulioanzishwa mwaka 2001, husaidia kulipa karo ya wanafunzi wa sekondari kutoka jamii zinazopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke na hori lenyewe. Mgeni hulipa ili aone ndege, na akifika akute matope matupu hatarudi.

Tuanze na sheria, maana ndiyo sehemu fupi. Droni za burudani zinaongozwa na kanuni za mwaka 2020 za Mamlaka ya Usafiri wa Ndege ya Kenya, KCAA. Mwenye droni awe ametimiza miaka 18, na droni yenyewe iwe imesajiliwa. Isipande zaidi ya futi 400 kutoka ardhini, yaani mita 120 hivi. Isimkaribie mtu, gari wala jengo lisilohusika kwa chini ya mita 50. Anayeirusha aione kwa macho yake muda wote, si kwenye skrini peke yake. Karibu na uwanja wa ndege, na Malindi tunao, usirushe kabla hujauliza KCAA. Na ndani ya maeneo yanayosimamiwa na KWS, droni hairuki bila idhini ya KWS.

Hilo la mwisho ndilo linalowaponza wengi, kwa sababu baharini hakuna ua wala lango. Hori la Mida limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Watamu. Kisiwa cha Nyangumi, kile cha mawe mbele ya mlango wa hori, nacho vilevile. Matumbawe ya Watamu na ya Malindi ni mbuga za bahari tangu mwaka 1968. Kwa hivyo aliyesimama mchangani akarusha droni kuelekea baharini anaweza kuwa ameingia mbugani bila kulowesha mguu. Ofisi ya wadi haiwezi kukupa ruhusa hiyo, wala mwenye hoteli, wala mwenye mashua. Uliza KWS kwanza.

Lakini hata mwenye vibali vyote anaweza kufanya uharibifu. Zile mita 50 za sheria ziliwekwa kwa ajili ya watu na nyumba. Hakuna aliyezipima kwa ajili ya ndege.

Ndege anaona nini

Kiswahili chetu kinaviita vyote viwili ndege, ila sarufi hutenganisha: ndege ametua ni kiumbe, ndege imetua ni mtambo. Kitwitwi hana nafasi ya sarufi. Kwake yeye, chochote kinachomshukia kutoka juu ni kipanga, na anayesubiri kuhakikisha huliwa.

Mwaka 2015 watafiti nchini Ufaransa walitoa matokeo ya jaribio walilolifanya kwa droni ndogo yenye propela nne. Waliisogeza mara 204 kuelekea bata, heroe na aina moja ya kitwitwi mkubwa mwenye miguu ya rangi ya kijani, ambaye pia hufika Mida kila mwaka. Mara 8 kati ya 10 droni ilifika umbali wa mita 4 bila ndege kuonyesha dalili yoyote ya kujali. Rangi ya droni na kasi yake hazikuleta tofauti iliyoonekana. Kilicholeta tofauti ni pembe: iliposhuka wima kutoka juu ya vichwa vyao walishtuka zaidi kuliko ilipokuja kwa mshazari.

Wapo waliolisikia jaribio hilo wakahitimisha kwamba mita 4 zinatosha. La hasha. Wale walikuwa watafiti wanaorusha polepole, wakiwa na mtu kando anayewatazama ndege. Tena ndege aliyetulia kwa nje huenda hajatulia ndani. Mwaka huohuo wa 2015, watafiti wengine katika jimbo la Minnesota, Marekani, walichapisha habari za dubu weusi waliokuwa wamewekewa vipima moyo. Droni ilipopita juu yao, wengi hawakukimbia, lakini dubu mmoja mapigo yake ya moyo yalipanda hadi 162 kwa dakika. Dubu si ndege, na kitwitwi hana mwili wa dubu wa kuhimili mshtuko kama huo mara tano kwa jioni moja. Kwa hiyo usisubiri kundi liruke ndipo ujue umekosea.

Zipo dalili za mapema, na mvuvi yeyote wa Mida atakuonyesha. Ndege waliokuwa wakidonoa matope huacha kula. Shingo huinuka, na wote hugeukia upande mmoja. Huanza kutembea kwa haraka wakienda mbali nawe, au wachache huruka na kutua tena huku wakilia. Ukiona hata moja kati ya hizo, simamisha droni, kisha irudishe polepole kwa njia ileile iliyojia. Usiipandishe ghafla, wala usiipitishe juu yao ukidhani utawavuka.

Maji yakijaa

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, na ndipo wapiga picha wengi wanapokosea bila nia mbaya.

Vitwitwi hawaendi kwa saa ya jua bali kwa saa ya maji. Maji yakipwa, matope ya Mida hufunuka, nao hutawanyika kotekote wakitafuta minyoo, kaa wadogo na konokono, iwe mchana au usiku. Kuna yule mla kaa, ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene kama koleo, ambaye huzaa kwenye mashimo ya mchanga katika pwani na visiwa vya upande wa Uarabuni kisha huja kwetu kwa makundi. Mida ni mojawapo ya mahali panapojulikana sana Kenya kwa kumwona. Wakati wa maji kupwa kila ndege ana nafasi yake, na akisumbuliwa husogea mita chache akaendelea kula.

Maji yakijaa, hasa siku za bamvua ambapo kina cha maji hupanda kwa zaidi ya mita 3, matope yote hufunikwa. Ndege walewale waliokuwa wametawanyika eneo kubwa sasa husongamana kwenye vipande vichache vya mchanga na miti ya mikoko ambavyo havijazama. Hawana pengine pa kwenda. Hulala kwa mguu mmoja, mdomo umefichwa manyoyani, wakingoja maji yatoke. Kutoka angani ni picha ya ajabu: mamia ya ndege kwenye ukanda mwembamba wa mchanga, maji ya buluu pande zote, jua la jioni likiwamulika. Hiyo ndiyo picha ambayo kila mwenye droni anaitaka, na ndiyo saa mbaya kuliko zote za kuirusha.

Ukiwaamsha hapo, huruka wote kwa pamoja na kuzunguka angani dakika nyingi, kwa sababu kutua ni palepale ulipo wewe. Kila mzunguko unaunguza mafuta. Mwezi wa Machi na Aprili mafuta hayo ndiyo nauli yao. Wiki za mwisho kabla ya kuondoka, kitwitwi hula mfululizo mpaka uzito wake unapanda sana, kisha husafiri maelfu ya kilomita kurudi kaskazini. Anayeondoka na akiba pungufu huenda asifike, au afike akiwa dhaifu asiweze kuzaa. Hatutauona mzoga wake hapa Kilifi. Tutaona tu kwamba Agosti inayofuata wamerudi wachache. A Rocha Kenya, shirika lililo na kituo chake Watamu, limekuwa likiwahesabu na kuwavisha pete ndege wa Mida kwa miaka mingi, na hesabu za namna hiyo ndizo zinazoonyesha mapungufu ambayo macho ya kawaida hayawezi kuyaona.

Basi angalia jedwali la maji kabla ya kuchaji betri. Ukitaka kupiga picha ya mikoko na hori lenyewe, rusha saa mbili au tatu baada ya maji kuanza kupwa, ukiwa na idhini yako ya KWS, na anzia mahali pasipo na ndege kwa umbali wa mita 100 au zaidi. Kama hujui jedwali, muulize mvuvi au ofisi ya BMU ya ufuo huo. Hata bila simu watakuambia kama ni bamvua au maji mafu.

Sabaki, kaskazini ya mji wa Malindi, ni habari nyingine. Pale mto Galana-Sabaki unapomwaga maji yake mekundu baharini hakuna lango wala askari wa kukusimamisha, na labda ndiyo maana droni hupendwa pale. Hakuna pia mwezi usio na ndege. Msimu wa kaskazi wapo wageni kutoka Ulaya na Asia, na msimu wa kusi, kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba, huja makundi ya ndege wanaofanana na mbayuwayu wakubwa, ambao huzaa Madagaska peke yake. Heroe nao huonekana pale. Heroe hawezi kuruka pale aliposimama kama njiwa. Hukimbia kwanza juu ya maji akipiga mbawa mpaka apate kasi, na kundi likikurupushwa hukanyagana na kugongana. Kwa hivyo ukiona rangi ya waridi mbele yako, droni ibaki mkobani mpaka ujue watu wa Sabaki wanaowaongoza wageni wanasema nini.

Viota

Kati ya Juni na Oktoba hivi, buabua, wale ndege weupe wa baharini wenye mkia wa panda, hutaga kwenye Kisiwa cha Nyangumi. Hutaga juu ya mwamba mtupu, bila kiota cha maana. Yai linategemea kivuli cha mzazi. Jua la mchana likilipiga mwamba, dakika chache za mzazi kuwa angani zinatosha kuliua yai, na kunguru hawahitaji hata dakika hizo.

Mwezi wa Mei 2021, katika hifadhi ya Bolsa Chica huko California, droni moja ilianguka katikati ya eneo ambalo buabua walikuwa wanaatamia. Ndege karibu 3,000 waliondoka, wala hawakurudi. Mayai zaidi ya elfu moja yaliachwa mchangani.  Kurusha droni mahali pale kulikuwa kumekatazwa. Kisiwa cha Nyangumi ni kidogo mno kikilinganishwa na hifadhi ile, na ndege wake hawana kisiwa cha pili jirani. Msimu huo usirushe huko kabisa, hata kutoka kwenye mashua iliyo mbali.

Bara, huko Dakatcha, yupo mnana wa Clarke, mwenye manjano na weusi, asiyepatikana popote duniani isipokuwa kaunti hii. Kwa miaka mingi hakuna mtaalamu aliyejua anazaa wapi, mpaka mwaka 2013 viota vyake vilipopatikana kwenye vidimbwi vya msimu vya Dakatcha, vilivyojaa nyasi za majini. Ukikuta mvua imejaza dimbwi na ndege wa manjano wanasuka, furahi kwa macho yako. Hilo si la kuonyeshwa mitandaoni kwa picha ya juu inayoeleza hasa ni wapi.

Mtego wa kitufe cha kurudi nyumbani

Droni nyingi za sasa, betri ikipungua au mawasiliano yakikatika, hurudi zenyewe pale ziliporukia. Ni jambo zuri, lakini hurudi kwa mstari ulionyooka, kwa kimo ulichokiweka, na haijali kilichopo katikati. Ikiwa kuna ndege waliolala kati yako na droni, itapita juu yao tu. Kwa hiyo chagua mahali pa kurukia ili njia ya kurudi ipite kwenye maji matupu au nchi kavu, na weka kimo cha kurudi kinachovuka mikoko mirefu kwa nafasi ya kutosha. Zima ile hali ya kufuata kitu chenyewe. Imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeendesha baiskeli, na ikimfuata ndege ni kumwinda.

Wakati wa kusi upepo wa Watamu huisukuma droni ndogo kwa urahisi. Ikienda na upepo utaona mambo ni mepesi, halafu wakati wa kurudi inahangaika na betri inaisha juu ya hori. Anza kwa kuelekea upepo unakotoka, ili safari ya kurudi iwe ndiyo nyepesi, na geuza ukiwa bado na betri nusu. Droni inayorudi bila haraka haimlazimishi mwenyewe kukata njia juu ya ndege.

Wakati mwingine ndege ndiye anayeanza. Mwewe wa pwani ni jasiri, anayenyakua samaki mkononi mwa mchuuzi, na droni inayozurura karibu na mti wake ataiendea. Kunguru nao hufuata kwa kundi, wakipiga kelele. Mwewe hushambulia kwa kushuka kutoka juu, kwa hiyo usikimbilie chini. Pandisha droni moja kwa moja, maana kupanda wima kunamchosha mwewe kuliko propela, ila usipite futi 400. Akikaa mbali, iondoe kwa upole na uitue. Usijaribu kumtisha kwa kumwendea. Propela zinazunguka mara maelfu kwa dakika, na bawa likiguswa halitengenezeki. Ukitua, ondoka mahali pale. Kama amekufuata mara moja, yamkini kiota chake kiko karibu.

Mambo yakiharibika

Droni ikianguka kwenye matope au kati ya viota, usiingie kuitafuta mwenyewe. Nyayo zako zitawaondoa ndege kwa muda mrefu kuliko droni ilivyowaondoa. Angalia ramani iliyo kwenye rimoti, andika mahali ilipo, na uwaarifu KWS wa Watamu au Malindi. Usiiache pia ukanyamaza. Betri ya droni ikipasuka inaweza kuwaka moto, na ikizama kwenye mikoko inavuja sumu mahali wanapokulia kamba na kaa wetu.

Ukimgonga ndege akawa hai, mfunike kwa kitambaa chepesi, mtie kwenye boksi la karatasi lenye matundu, mweke mahali penye giza na utulivu, na usimlazimishe kula wala kunywa. Kisha toa taarifa KWS. Hata kama unaogopa lawama, eleza saa na mahali hasa, kwa sababu huenda mwenzake yuko kwenye kiota hapo karibu.

Na ukiona droni ya mtu mwingine inawafukuza ndege, usiirushie mawe. Anayeirusha mara nyingi ni mgeni aliyefika jana, na kwenye skrini yake anaona bahari na mchanga tu. Mfuate, msalimie, mwonyeshe ndege walipo, na umwambie maji yatatoka saa ngapi.